Umekabidhiwa mfumo wa wateja: mwongozo kamili kwa msimamizi mpya

Mara nyingi huanza hivi. Bosi amenunua mfumo wa CRM, yaani programu ya kutunza taarifa za wateja na mauzo, kwa sababu mwenzake wa mtaa wa pili anao. Fundi aliyeuweka keshalipwa na hapokei simu tena. Asubuhi moja unaitwa, unapewa kikaratasi chenye jina la mtumiaji na nywila, unaambiwa, "Wewe si unajua kompyuta? Shika hapo." Tangu dakika hiyo wewe ndiye msimamizi wa mfumo, na mshahara ni uleule.

Nimeshika kazi hii miaka kadhaa, mingi yake kwenye duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo lenye godauni Vingunguti. Karibu kila nitakachokuambia nilikijua baada ya kukiharibu kwanza. Uwe unatumia Zoho, HubSpot, Odoo au Salesforce, vitufe vinatofautiana lakini kazi ni moja. Na kuna kanuni moja ninayoipima kila kitu nayo: usimlazimishe mtu kuandika jambo ambalo hakuna atakayelisoma.

Hatua ya 1: Kaa kaunta wiki nzima

Usiguse mipangilio yoyote kwanza. Mfumo halisi wa wateja tayari upo, ila haupo kwenye kompyuta. Uko kwenye daftari la kaunta, kwenye WhatsApp ya muuzaji, na kichwani mwa dada wa mapokezi anayejua kuwa mkandarasi fulani wa Tegeta hulipa Ijumaa tu. Vuta kiti, kaa pembeni, sikiliza. Muuzaji anauliza nini kwanza? Anaandika wapi? Anaandika mteja akiwepo, au jioni kwa kukumbuka?

Pale kwetu niliona muuzaji mmoja, kijana hodari kweli, haulizi jina la mtu. Anauliza, "Nyumba imefika wapi, boss?" Mteja akisema msingi, anatajiwa nondo na saruji. Akisema lenta, muuzaji anajua baada ya wiki chache atatafuta mbao na mabati ya kupaua. Akisema boma limesimama tangu mwaka juzi, hasukumwi, anaachiwa kadi. Swali hilo moja ndilo lililokuwa likiuza duka zima, na kwenye mfumo halikuwa na pa kuandikwa. Tulichokuwa nacho ni kisanduku cha "sekta" na kingine cha "idadi ya wafanyakazi", vilivyokuja na programu kutoka huko ilikotengenezwa.

Hatua ya 2: Ng'oa visanduku

Fomu yangu ya kwanza ilikuwa na visanduku thelathini na kitu, na nusu yake nilivifanya vya lazima. Nilijiona mtaalamu. Baada ya miezi miwili nikafungua orodha: robo ya wateja wetu walizaliwa tarehe 1 Januari, na barua pepe zilikuwa za kutunga tupu. Wauzaji hawakuwa wavivu. Mteja kasimama, kirikuu iko nje inazuia njia, na kompyuta haikubali kuendelea bila barua pepe. Wewe ungefanyaje? Kisanduku cha lazima kisicho na kazi kinazaa uongo, na uongo ukishaingia huwezi kuutofautisha na ukweli.

Pita kwenye kila kisanduku ukiuliza: nani anakisoma, lini, na akikisoma anafanya nini? Kikikosa jibu, kifiche. Usikifute siku hiyohiyo. Kifiche miezi mitatu uone kama kuna atakayelalamika. Sisi tulibaki na jina, simu, simu ya pili, mahali, hatua ya ujenzi, anayemhudumia, na alikotufahamu. Hicho cha mwisho kilinusurika kwa sababu bosi alikuwa analipia matangazo ya redio na alitaka kujua kama pesa yake inarudi. TIN, namba ya mlipakodi, tuliiweka kwa wanaochukua mkopo na kampuni pekee. Vya lazima vikawa vitatu: jina, simu, anayemhudumia.

Hatua ya 3: Namba ya simu ndiyo ufunguo

Hapa ndipo nitakapokaa sana, kwa sababu ukipakosea hapa kila kitu kingine kitakusumbua.

Kwetu jina halimtambulishi mtu. Mtu mmoja ni Abdallah, Abdalah, Abdala na Dulla, kutegemea nani kaandika. Mwanamke huyohuyo ni Bi Fatuma kwenye ankara na Mama Zawadi kwenye simu. Anwani nayo haisaidii sana. Kinachobaki ni namba ya simu, lakini namba moja huandikwa kwa sura nne: yenye sifuri mbele, yenye 255, yenye +255, na yenye nafasi katikati kila tarakimu tatu. Kwa kompyuta hizo ni namba nne na wateja wanne.

Chagua sura moja. Ninapendekeza +255 ikifuatiwa na tarakimu 9, bila nafasi, kwa sababu ndiyo sura ambayo mifumo ya kutuma ujumbe inaikubali bila kubishana. Kisha weka sharti kwenye mfumo wenyewe, lisiwe tangazo ukutani: namba isiyo na tarakimu kamili isihifadhiwe. Unapotafuta marudio, yaani mteja mmoja aliyeingizwa zaidi ya mara moja, linganisha tarakimu 9 za mwisho tu, maana hizo hazibadiliki vyovyote namba ilivyoanza.

Jihadhari na Excel. Ukifungua orodha ya namba bila kuiambia kuwa safu hiyo ni maandishi, itaila sifuri ya mbele. Na namba inayoanza na 255, kwa kuwa ina tarakimu 12, itakuonyesha kitu kama 2.55754E+11. Ukihifadhi hivyo kwenye faili la CSV, lile la jedwali la maandishi matupu, tarakimu zilizofichwa hazirudi tena. Geuza safu iwe maandishi kabla ya kuingiza data, kila mara, hata kama una haraka.

Mambo mawili madogo. Usitumie tarakimu za mwanzo kukisia mteja yuko mtandao gani, kwa sababu tangu Machi 2017 mtu anaweza kuhama mtandao na namba yake ileile. Na watu wengi wana laini mbili, kwa hiyo simu ya pili iwe na kisanduku chake, isibanwe pamoja na ya kwanza kwa alama ya mkwaju.

Hatua ya 4: Unganisha marudio, usifute

Utayakuta, tena mengi. Kishawishi ni kufuta moja na kubaki na lingine. Mimi nilifuta.

Kulikuwa na mteja mwenye kumbukumbu mbili: moja jina lake, nyingine jina la duka lake la Mbagala. Ya kwanza ilikuwa nzuri, imejazwa yote. Ya pili ilikuwa na namba ya simu tu, na maelezo ya mstari mmoja. Nikaifuta ya pili. Ule mstari mmoja ulikuwa ahadi ya malipo ya mabati aliyochukua kwa mkopo, na muuzaji aliyeuandika alikuwa likizo kijijini. Deni lilipatikana kwa sababu mteja mwenyewe alikuwa mwaminifu, akaja kulipa, nasi tukawa tunaulizana analipa nini.

Tangu hapo utaratibu wangu ni huu. Kwanza pakua nakala ya orodha nzima. Pili, tafuta zinazofanana kwa simu, kisha kwa TIN, na jina liwe la mwisho. Tatu, angalia madeni na profoma (ankara za awali, kabla ya malipo) zilizo wazi kwenye kumbukumbu zote mbili. Nne, tumia kitufe cha kuunganisha, siyo cha kufuta, na acha kumbukumbu ya zamani zaidi ndiyo ibaki, ili historia isikatike. Ukiwa na shaka, muulize muuzaji anayemjua mtu huyo. Simu ya dakika moja.

Baba na mwana kutumia namba moja ni jambo la kawaida pia. Hao usiwaunganishe.

Hatua ya 5: Mahali, tarehe, saa na pesa

Programu nyingi zimetengenezwa na watu wasioijua Dar es Salaam, na hapa ndipo utaliona hilo.

Mahali. Ukimwachia muuzaji aandike anavyotaka, utapata "Mbezi". Ipi? Ipo Mbezi Beach, wilaya ya Kinondoni, na ipo Mbezi ya Barabara ya Morogoro, wilaya ya Ubungo, kilipo kituo cha mabasi cha Magufuli. Gari letu lenye marumaru lilikwenda ya kwanza wakati fundi anasubiri ya pili, na siku ya kazi ikaishia kwenye foleni. Weka orodha ya kuchagua: wilaya kati ya tano, kisha kata. Baada ya hapo acha kisanduku cha wazi cha alama, "mkabala na kituo cha mafuta, geti jeusi", kwa sababu dereva anafika kwa hiyo zaidi kuliko kwa postikodi. Kama data yako ni ya zamani, kumbuka Ubungo ilikatwa kutoka Kinondoni na Kigamboni kutoka Temeke. Kumbukumbu za kale zitakuwa na wilaya za kale.

Tarehe. Mfumo ukiwa kwenye mpangilio wa Marekani, 03/04 ni tarehe 4 Machi. Kwako ni tarehe 3 Aprili. Badilisha mpangilio siku ya kwanza, kabla data haijaingia, maana baadaye hutajua ipi iliingizwa kwa mtindo upi.

Saa. Weka ukanda wa Afrika Mashariki, UTC+3, kwenye mfumo na kwenye kila akaunti ya mtumiaji, la sivyo vikumbusho vitalia usiku wa manane. Lakini tatizo kubwa ni saa yetu wenyewe. Mteja anasema, "Nipigie saa kumi." Muuzaji anaandika 10:00. Mfumo unamkumbusha asubuhi, anapiga, mteja yuko kikaoni, anakasirika. Saa kumi jioni hakuna anayempigia. Tulitatua kwa kubandika kwenye kila kompyuta kikaratasi chenye saa za aina zote mbili ubavu kwa ubavu, saa 4 asubuhi ni 10:00, saa 10 jioni ni 16:00, na kwa kuomba kila mtu aandike neno asubuhi, mchana au jioni kwenye maelezo.

Pesa. Shilingi bila senti. Zuia nukta kwenye kiasi, kwa sababu kuna atakayeandika 2.5 akimaanisha milioni mbili na nusu.

Hatua ya 6: Ngazi za mauzo ziitwe kwa majina ya dukani

Futa majina yaliyokuja na programu. Zetu ni sita: Ameuliza, Kapewa bei, Kapewa profoma, Kalipa advansi, Kamaliza, Kapotea. Kila ngazi lazima iwe tendo linaloweza kuthibitishwa. Profoma ina namba. Advansi ina risiti. "Anafikiria" siyo ngazi, maana kila mtu anafikiria. Anayewekwa Kapotea aandikiwe sababu kutoka orodha fupi: bei, usafiri, hatuna bidhaa, au ujenzi umesimama. Huyo wa mwisho hajapotea kabisa, mwekee kikumbusho cha miezi sita.

Hatua ya 7: Kila mtu na akaunti yake

Akaunti inayoitwa "kaunta1" na nywila iliyobandikwa kwenye skrini ndiyo ugonjwa wa maofisi yetu. Siku bei ikibadilishwa kinyemela hutajua aliyebadilisha, na wote watatazamana. Najua kuna mifumo inayotoza kwa kila mtumiaji, na bosi atasema watatu watumie akaunti moja. Mweleze kuwa anachookoa ni ada ya mwezi na anachopoteza ni ushahidi. Kama pesa kweli haitoshi, punguza watumiaji: atakayeingiza ni mmoja kwa akaunti yake, wengine wampe karatasi.

Ruhusa zigawe kwa kazi. Muuzaji aone wateja wake na aongeze wapya. Mhasibu aone madeni. Dereva aone jina, simu na mahali, basi. Na ruhusa moja ichunge kuliko zote: ya kupakua orodha nzima. Kwenye mifumo mingi huwa imefunguliwa kwa kila mtu tangu mwanzo. Sisi tuliigundua hivyo Jumatatu moja, wateja walipoanza kutupigia kuuliza kama tumehamia mtaa mwingine, kwani wamepokea ujumbe wenye majina yao na bei zilizo chini kidogo ya zetu. Kijana aliyekuwa ameacha kazi Ijumaa alikuwa bado anaingia kwenye mfumo kwa simu yake.

Kwa hiyo mtu anapoondoka, hata kwa heri na keki ya kumuaga, fanya haya siku hiyohiyo: zima akaunti, usiifute, ili alichokiandika kibaki na jina lake, ondoa simu yake kwenye vifaa vilivyoruhusiwa, hamishia wateja wake kwa mwingine, badilisha nywila yoyote ya pamoja aliyoijua, hata ya WhatsApp ya biashara na barua pepe ya ofisi. Mwombe bosi akuambie kabla mtu hajaambiwa, siyo baada.

Akaunti yako wewe msimamizi iwe na uthibitisho wa hatua mbili, yaani nywila na kisha msimbo wa kwenye simu yako. Na usiitumie kwa kazi za kila siku. Jitengenezee ya kawaida.

Hatua ya 8: Sheria ipo

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Orodha yako ya wateja ni taarifa binafsi, na biashara yako ni mkusanyaji. Unatakiwa kusajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kukusanya kwa kusudi linaloeleweka, na kumpa mteja nafasi ya kuona, kusahihisha, au kukataa matangazo. Kama seva za programu yako ziko nje ya nchi, soma pia masharti ya kusafirisha taarifa nje.

Kwa vitendo, weka kisanduku cha "anakubali matangazo" chenye tarehe, na kisiwe kimejazwa tayari. Atakayejibu ACHA atolewe siku hiyo. Picha za vitambulisho vya NIDA usizirundike kwenye mfumo kwa sababu tu kuna nafasi. Uliza kanuni ileile, nani anazisoma?

Hatua ya 9: Ujumbe unaojituma

Kabla hujawatumia wateja elfu, jitumie mwenyewe, kisha mtumie bosi. Nimeona ujumbe ukitoka ukisema "Ndugu JINA, karibu tena."

Halafu hesabu herufi. Ujumbe mmoja wa simu unabeba herufi 160 za kawaida. Ikiingia alama moja isiyo kwenye orodha ya kawaida, uwezo unashuka hadi 70. Kwetu mchawi ni kipembe cha ng'. Ukiandika Chang'ombe kwenye programu ya kuandikia, yenyewe inapindisha kile kipembe kiwe cha mapambo, na ujumbe wa herufi 150 uliopaswa kulipiwa mmoja unahesabiwa vipande 3. Bili ya kwanza nilidhani tumeibiwa. Andika ujumbe kwenye programu ya maandishi tupu, kipembe kiwe kilichonyooka.

Hatua ya 10: Badilisha kidogo, tena ukiandika

Kuwa na daftari la mabadiliko, hata la karatasi: tarehe, nilichobadilisha, aliyeomba, jinsi ya kurudisha. Jaribu kwanza kwenye nakala ya majaribio kama mfumo wako unayo. Ukiingiza orodha, anza na mistari 20, ikague kwa macho, ndipo uachie iliyobaki. Usibadilishe kitu Ijumaa mchana wala mwisho wa mwezi, wakati mhasibu anafunga hesabu.

Nakala ya data ipakuliwe kila wiki na ihifadhiwe mahali pengine, ikiwa na nywila. Mara moja kwa miezi mitatu ifungue uone kama inafunguka. Niliwahi kutunza nakala za mwaka mzima ambazo ndani zilikuwa na vichwa vya safu tu.

Hatua ya 11: Wape sababu ya kuufungua

Mafunzo ya siku nzima kwenye ukumbi wa hoteli yenye chakula cha mchana huyeyuka kabla ya wiki kuisha. Dakika kumi na tano kabla ya kufungua duka, jambo moja tu kwa siku, zinatosha. Kilichowafanya wauzaji wetu waupende mfumo ni orodha moja ya asubuhi. Saa mbili kamili kila mmoja anakuta kwenye simu yake watu wa kuwapigia leo: wa kupaua, wenye profoma ya siku saba, waliokuwa wameahidi kulipa. Siku alipouza mabati kwa mtu ambaye angemsahau, yule kijana wa "nyumba imefika wapi" akaacha kuniita mtu wa makaratasi.

Mwisho, jiandae kwa giza. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipopata hitilafu, intaneti nchini ilidorora, nasi kaunta tulikuwa tunaangalia skrini nyeupe. Sasa kuna daftari la dharura lenye safu zilezile saba za fomu yetu, kalamu imefungwa kwa uzi, liko droo ya kwanza kushoto. Mtandao ukirudi, mtu mmoja aliyetajwa jina anaingiza yaliyomo kabla ya kwenda nyumbani, anaweka tiki kila mstari. Nywila ya msimamizi iko kwenye bahasha iliyofungwa ndani ya kabati la bosi, kwa siku nitakayokuwa naumwa au nimepanda basi kwenda msibani.